Bolti za Mama Mkwe

Kichwa cha bolti kilikatika na kuniangukia kiatuni, na spana yangu ilikuwa bado haijalia.

Wanaojua spana hapo wameshashtuka. Ambao hamjui, tulieni, nitawaeleza taratibu, maana kisa hiki nikikirukisha mtasema nimekitunga.

Mimi ni fundi wa ndege. Mwanamke, ndiyo. Na hapana, sirushi, kwa hiyo msije kuniuliza hilo kwenye maoni. Anayerusha ni mdogo wangu, nitamfikia sasa hivi.

Kazini wananiita Tochi. Jina la kejeli hilo, kwa sababu hakuna shimo nisilolimulika. Ukimaliza kazi ukanikabidhi, naimulika. Ukinuna, naimulika tena. Marafiki wa kazini sina wengi, na wala sijawahi kukosa usingizi kwa hilo.

Sasa, bolti za ndege hazikazwi kwa ubabe. Kuna spana maalumu, unaitegesha kwa nguvu inayotakiwa, na ukifika kiwango inalia "tik" mkononi. Ukisikia hivyo unaacha.

Siku hiyo nilikuwa kwenye benchi nafunga fremu ya kubebea injini. Bolti ni mpya, imetoka kwenye pakiti muda huo huo. Sijafika hata nusu ya nguvu, nikasikia "tak". Nikatazama chini, kichwa kile pale juu ya kiatu.

Nilicheka kwanza. Nikasema labda ni bahati mbaya, hata kuku hutaga yai bovu.

Nikachukua ya pili, nikaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha benchini, nikakaza polepole. Ikakatika kama karoti. Ya tatu ilijitahidi kidogo, nayo ikakatika.

Hapo kicheko kiliniisha.

Nikazimulika. Jamani, kwa nje hazikuwa na kasoro hata chembe. Rangi ileile, alama zilezile kichwani, pakiti ina nembo, cheti kimegongwa mihuri. Lakini pale zilipokatikia, chuma cha ndani kilikuwa na punje punje, kama sukari. Chuma kizuri hakina tabia hiyo.

Bolti ya aina ile ina kazi moja tu, kushika injini isiachane na mwili wa ndege. Ziko nne. Ikiachia moja, ndege inatetemeka. Zikiachia zote, hakuna haja ya kuendelea kueleza.

Na pakiti niliikuta imeshafunguliwa kabla yangu.

Nikaenda stoo. Mtunza stoo wetu ni mama mtu mzima tunayemwita Shangazi, anayetoa vipuri kwa kusitasita utadhani anatoa viungo vyake vya mwili. Nikamuuliza nani mwingine kachukua bolti kwenye pakiti hii.

Akavaa miwani, akaitazama kompyuta yake.

"Nne zilikwenda kwa Mama Mkwe," akasema. "Juzi hapa."

Naona mnashangaa. Mama Mkwe ni ndege. Karakana yetu ina ndege chache, na kila moja tumeipa jina. Huyu tulimwita Mama Mkwe kwa sababu anaanza kunguruma asubuhi na hakuna anayethubutu kumjibu. Ana pacha wake, muundo uleule, kila kitu sawa, ila huyo ni wa kuumwa umwa. Leo mafuta yanavuja, kesho gurudumu. Tukamwita Kifaranga.

Wakati Shangazi ananijibu, Mama Mkwe alikuwa nje uwanjani, anangoja abiria. Na rubani wake siku hiyo alikuwa mdogo wangu.

Huyu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye duniani. Mama yetu alipofariki, yeye alikuwa bado anafungiwa viatu, na mimi ndiye nikawa namfungia. Nilimsomesha kwa mikono hii yenye grisi. Alipopata leseni ya urubani nililia mbele za watu, na si kawaida yangu.

Nilitoka stoo kwa mguu niponye.

Kazi yetu ina sheria moja ambayo hata bosi hawezi kuivunja. Fundi mwenye leseni akitilia shaka kipuri, ndege inakaa chini mpaka shaka iishe. Huna haja ya ushahidi. Unachukua kitambaa chekundu, unakifunga kwenye rafadha, yale mapanga ya mbele yanayozunguka, basi, hakuna mtu wa kuruka.

Nikakifunga. Abiria walishaanza kusogea na mabegi yao, wakabaki wananitazama.

Mdogo wangu akachungulia dirishani. Alipoona ni mimi, akashuka kwa hasira ya chini chini, ile ya mtu asiyetaka kumvunjia heshima mkubwa wake. Akaninong'oneza kwamba namwaibisha mbele ya abiria, kwamba watu watasema dada yake bado anamfungia kamba za viatu.

Nikamwambia akae kimya, bolti zake si nzima.

Bosi akaja. Bosi wetu si mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Ni mtu wa kuhesabu dakika tu, na ndege ikichelewa anaugua kweli, tumbo linamkata. Aliniuliza kama nimeziona bolti za Mama Mkwe kwa macho yangu.

"Sijaziona. Ila zimetoka pakiti moja na hizi," nikamwonyesha vichwa vitatu kiganjani.

"Zimekatika mkononi mwako, Tochi. Hazijakatika kwenye ndege."

"Ndiyo maana bado tunaongea, bosi."

Akavitazama vile vichwa kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya kushindwa kwamba sawa, Mama Mkwe arudi ndani, nizifungue, tuone.

Lakini abiria je? Hapo ndipo bosi akapata wazo. Kifaranga alikuwa ametoka kwenye ukaguzi mkubwa, wiki kadhaa amekaa ndani, injini ilishushwa ikasafishwa ikarudishwa. Amejaribiwa, mkaguzi ametia saini, yuko tayari. Na kwenye karatasi zake hapakuwa na bolti hata moja ya pakiti ile.

Niliangalia mwenyewe. Nikasema ndiyo, Kifaranga aende.

Abiria wakahamishwa. Mdogo wangu akapita karibu yangu na kofia yake mkononi.

"Umefurahi sasa, dada?"

"Nimefurahi. Nenda salama."

Akatikisa kichwa, lakini alikuwa anatabasamu. Kifaranga akaondoka chini vizuri tu, akapinda juu ya mapaa, akaenda zake. Nilisimama pale namtazama mpaka macho yakachoka. Kifua kilikuwa kimenijaa, nikajisemea leo nimeokoa damu yangu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na kijana wa kujaza mafuta akanitazama kama nimepungukiwa akili.

Basi tukamwingiza Mama Mkwe ndani, tukaegemeza injini, nikafungua bolti ya kwanza.

Nikaibana kwenye jiliwa mbele ya watu wote, maana walishakusanyika kuona. Nikakaza. Spana ikalia "tik". Nikaongeza nguvu, ikalia tena. Nikaongeza mpaka jiliwa lenyewe likaanza kulalamika. Bolti ikakaa pale pale.

Nikafungua ya pili. Nzima. Ya tatu. Nzima. Ya nne, nayo nzima, chuma safi kabisa.

Walivunjika mbavu. Mmoja akasema Tochi leo imeisha betri. Mwingine akaniuliza kama abiria wa kesho nao watapimwa kwenye jiliwa. Bosi hakucheka. Alisema tu niandae maelezo ya kwa nini safari imechelewa, akaenda ofisini kwake akishika tumbo.

Mimi nilikuwa siwasikii tena. Nilikuwa nimeinamia zile bolti nne na tochi yangu, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu.

Kwenye kichwa cha kila bolti kuna alama ndogo sana ya kundi ilimotengenezwa. Alama za hizi nne zilifanana zenyewe kwa zenyewe. Hazikufanana na za pakiti.

Sasa fikirini pamoja nami. Stoo inasema bolti nne za pakiti zimekwenda kwa Mama Mkwe. Mama Mkwe huyu hapa, na hana hata moja.

Zile nne ziko wapi?

Niliuliza kwa sauti. Wengine walikuwa wameshatawanyika.

Ndipo akaingia Kinyozi.

Kinyozi ni fundi mwenzetu, tunamwita hivyo kwa mkono wake mwepesi. Kazi ya mtu mzima kuifanya nusu siku, yeye anaimaliza huku anapiga mluzi. Ndiye aliyemfungia injini Mama Mkwe. Siku hiyo alikuwa zamu ya mchana, ndiyo kwanza anafika, begi begani. Akakuta watu wanacheka, akauliza kulikoni, wakamsimulia huku wakinionyesha kidole. Bolti mbovu, kitambaa chekundu, Mama Mkwe kavuliwa nguo bure.

Nikaona tabasamu lake linakufa.

Akalishusha begi chini. Akauliza taratibu, "Kifaranga yuko wapi?"

Wakamjibu kwamba karuka. Kabeba abiria wa Mama Mkwe.

Kinyozi akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Tochi, siku namfungia Mama Mkwe injini, bolti zake zilikuwa hazijafika. Na bosi alikuwa anamtaka asubuhi."

"Ukafanyaje?"

"Nikaazima za Kifaranga."

Hapa lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa kilichonipata.

Kwetu kuna kitu kinaitwa kuazima. Ndege moja ina haraka na kipuri chake hakijafika. Nyingine imelala ukaguzi, haina safari ya karibuni, na kipuri inacho. Unachomoa kwa huyu aliyelala unamvisha mwenye haraka. Kipuri kipya kikija, unamrudishia aliyelala. Sheria inataka uandike pande zote mbili. Watu hawaandiki. Nani akae kujaza karatasi kwa kitu kitakachorudishwa kesho? Bolti ni bolti, zote mpya, zote aina moja. Tunafanya hivyo kama majirani wanavyoazimana chumvi.

Kifaranga alikuwa na bolti zake nne nzuri, za kundi la zamani, zinangoja injini yake irudi. Kinyozi akampa Mama Mkwe. Pakiti mpya ilipofika, akaenda stoo akachukua nne kwa jina la Mama Mkwe, kwa kuwa maombi yalikuwa ya Mama Mkwe. Akazipeleka kwa Kifaranga. Akazifunga.

"Si vichwa vingekatika ulipokuwa unafunga?" nilimuuliza.

"Zilishika, Tochi. Spana ililia. Zote nne zilishika."

Zilishika. Maana bolti mbovu si lazima ikatike leo. Nyingine inavumilia, inangoja mtetemo, inangoja joto, inangoja mkiwa juu.

Na aliyemtoa mdogo wangu kwenye bolti nzima akampandisha kwenye mbovu ni mimi.

Sikumbuki nilivyofika chumba cha redio. Nakumbuka tu nilimpokonya yule mama wa redio kifaa chake mdomoni kabisa, naye akaniachia aliponiona uso.

Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena, kukakwaruza, kisha sauti yake ikaja, imetulia, anatania.

"Dada, umeshanifuata mpaka huku?"

Nilikuwa na mambo mia ya kusema. Abiria walikuwa nyuma yake pale, wengine wanamsikia. Nikajilazimisha kuongea kama vile nampa habari za hali ya hewa.

"Nisikilize. Usiongeze moto, usipunguze ghafla. Injini yako ina bolti mbovu. Tafuta pa kushuka, popote palipo karibu."



Akasema, na utani ulikuwa umekwisha kabisa, "Kuna mtetemo tangu tulipovuka milima. Nilidhani ni hewa."



Aliuliza swali moja tu, ni bolti ngapi. Nikamwambia zote. Akasema sawa. Kuna uwanja mdogo wa nyasi mbele yake, wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani, atajaribu huo. Akateremka, milima ikaingia katikati yetu, na redio ikabaki inakwaruza tu.

Mliowahi kungoja simu ya hospitali mnajua ule muda. Haupimwi kwa saa. Bosi alikuja akasimama mlangoni. Kinyozi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, analia waziwazi kama mtoto, na hakuna aliyemnyamazisha. Mimi sikulia. Nilikuwa naitazama ile redio na kuichukia.

Nilijiambia, nikipigiwa simu na mtu mwingine badala yake, sitajibu.

Simu ikaita. Ilikuwa namba yake.

"Tuko chini," akasema. "Wote wako sawa. Njoo uone, dada, mimi sitaki kufungua."

Tulikwenda mimi, Kinyozi na bosi, kwa gari la karakana. Tukawakuta abiria wamekaa kwenye nyasi, wengine wanapiga picha, wanadhani ni hitilafu ndogo. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbali na ndege.

Nikafungua kifuniko cha injini.

Bolti mbili hazikuwa na vichwa. Ya tatu ilikuwa imepasuka, unaweza kuingiza ukucha kwenye ufa. Injini nzima, na watu wote wale, walikuwa wamening'inia kwenye bolti moja.

Mdogo wangu aliposogea akaona, akakaa chini palepale. Nikakaa naye. Nikamkumbatia mbele ya abiria wake, na safari hii hakulalamika kwamba namwaibisha.

Bosi alisema kitu ambacho mpaka leo sijakisahau. Hakukisema kwa ubaya, alikuwa amechanganyikiwa.

"Ungemwacha aondoke na Mama Mkwe, yasingemkuta haya."

Ni kweli. Hata siwezi kubisha. Nimeligeuza neno hilo kila upande na bado ni kweli. Ila Kifaranga angeruka kesho yake, na rubani mwingine, ambaye naye ana dada.

Kinyozi hakufukuzwa. Alisimamishwa, akahojiwa, akasema kila kitu bila kupunguza. Aliniambia kitu kimoja nje ya chumba cha mahojiano, kwamba alidhani anamtendea Kifaranga wema, kamchukulia za zamani kamrudishia mpya. Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Wangapi kati yetu hatujawahi kuazima? Mimi mwenyewe namulika mashimo ya watu lakini kuazima nilikuona ni ujirani mwema.

Aliyetuuzia zile bolti alipigiwa simu. Akasema naye aliuziwa, ana cheti. Aliyemuuzia naye ana cheti. Kila mmoja alimwonyesha kidole aliye nyuma yake, na mwisho wa msururu kulikuwa na namba ya simu isiyopatikana. Mtu fulani mahali fulani alichukua chuma cha bei ya misumari, akakigonga alama za chuma cha ndege, akalala usingizi wake.

Lakini sicho nilichokuja kuwaambia.

Aliyetuuzia alitupa majina ya karakana nyingine zilizochukua mzigo uleule. Bosi akanipa kazi ya kuwapigia wote. Wengi walishukuru, wakakimbilia stoo zao, wakazikuta pakiti zimefungwa bado. Nikaanza kupumua.

Karakana ya mwisho, simu aliipokea mzee mmoja mwenye sauti nzuri, mpole, mkaguzi wao mkuu. Nikamweleza. Akaniambia nisubiri, akaenda kutazama, akarudi ameridhika.

Akasema wamezitumia nne, ndiyo, zote kwenye ndege moja. Lakini nisiwe na wasiwasi, mwanangu, ndege hiyo iko hapa ndani mbele ya macho yake, haijaruka na haitaruka mpaka zitolewe. Karatasi zao ziko safi. Ndege zao nyingine, zilizo angani, hazina bolti hata moja ya mzigo ule.

Aliongea kwa uhakika uleule niliokuwa nao mimi nikimtazama mdogo wangu akipaa.

"Mzee wangu," nikamuuliza, "huko kwenu huwa mnaazimana?"



Nikasikia simu inawekwa juu ya meza, haikukatwa. Kisha nikasikia miguu ya mtu mzima inakimbia, na sauti yake, ile ya upole, inapiga kelele mbali kuuliza nani yuko juu.

Nilishika simu ile muda mrefu. Hakuna aliyerudi kuipokea.

Ndugu zangu, mimi si mhubiri. Nawaomba jambo dogo tu, kila mtu kwa kazi yake, awe fundi, awe muuguzi, awe mpishi wa shule. Ukihamisha kitu kutoka hapa kwenda pale, sema. Andika. Hata kama ni kidogo, hata kama utakirudisha kesho, hata kama nia yako ni njema. Maana siku kitakapotafutwa, watu watakitafuta ulipokitoa.